Mgeni Aliyeweka Finjani Chini

Ghalia hakukasirika siku aliposikia kwamba Profesa Chuang amekuwa waziri. Alifurahi, tena akawapigia simu wazazi wake kabla hajamaliza kuisoma habari yenyewe. Hasira ilikuja baadaye, polepole, na kila ilipoongezeka ilikuwa na sababu yake.

Chuang Po-hsien alizaliwa katika kisiwa kidogo cha Taiwan, mtoto wa mwalimu wa skuli. Alisomea viumbe vya baharini, akapata udaktari, na akiwa bado kijana alikuja Oman na timu ya watafiti kuchunguza kasa wanaotaga mayai kwenye fukwe za Ras al Jinz na Ras al Hadd. Ghalia wakati ule ndiyo kwanza amemaliza chuo, mtafiti msaidizi asiyejua hata namna ya kufukua kiota bila ya kuvunja yai. Chuang alimfundisha. Alimfundisha kupima joto la mchanga na kumtambua kasa yule yule kwa makovu ya gamba lake. Zaidi ya yote, alimfundisha kwamba kitoto cha kasa kinapochomoza mchangani hakiijui bahari. Kinaujua mwanga tu. Ufukwe usiokuwa na taa, upande unaong'aa zaidi ni wa baharini, nacho hukimbilia huko. Iwashe taa nyuma yake, kitageuka kiifuate taa, na jua likichomoza litakikuta nchi kavu.

Misimu yote ile Chuang alikaa mji wa Sur, karibu na fukwe hizo, katika chumba cha juu nyumbani kwa Mzee Mubarak, baba yake Ghalia. Alikula biriani na pweza wa nazi, akajifunza kusema shikamoo, akawa mtu wa nyumbani. Kisha akarudi kwao. Akawa profesa, halafu mkuu wa kitivo. Serikali yao ilipotaka kujenga bandari kwenye pwani wanakotaga kasa, alisimama mbele ya kamera akasema haiwezekani, na akaeleza kwa nini kwa lugha ambayo hata muuza samaki aliifahamu. Watu wakampenda. Serikali iliyofuata ilikuwa inatafuta sura ambayo watu wanaiamini, ikamchukua: kwanza mshauri, kisha naibu waziri, mwisho waziri wa mazingira. Na alipokwisha kukaa vizuri kwenye kiti hicho, akatia saini kibali cha bandari ile ile.

"Nilipokuwa mwanachuoni niliitazama pwani," aliwaambia waandishi wa habari. "Sasa naitazama nchi nzima."

Ghalia alikuwa na imani kwamba mwanachuoni ana haki ya kubadili mawazo, mradi aonyeshe kilichoyabadili. Akautafuta utafiti mpya. Aliutafuta kwenye majarida, akawauliza wenzake, mwishowe akamwandikia Chuang mwenyewe. Akajibiwa na katibu wake kwamba Waziri anamshukuru kwa salamu zake.

Sasa Chuang alikuwa ameacha uwaziri na amekuwa mshauri wa makampuni. Kampuni moja ya utalii ilitaka kujenga vibanda vya wageni na njia ya matembezi yenye taa kandokando ya ufukwe wa Ras al Hadd, nje kidogo ya mpaka wa hifadhi ya kasa. Ilimwajiri Chuang aje aieleze kamati ya mji kwamba taa hizo hazina madhara. Kamati hiyo hiyo ilimwita na Ghalia, kwa kuwa ndiye peke yake aliyeendelea kuuchunguza ufukwe ule tangu timu ya Taiwan ilipoondoka. Na kabla ya kikao, Chuang akapeleka salamu kwamba angependa kuja kula chakula cha mchana kwa Mzee Mubarak.

"Huyo Mchina wako anakula pilipili bado?" aliuliza Bi Nunu, mama yake Ghalia, akikoroga mchuzi.

"Mtaiwani, mama."

"Ndiyo, huyo huyo."

Mzee Mubarak alikuwa amekwisha kuvaa tangu asubuhi: kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mara mbili, kilemba cha rangi ya zafarani, jambia kiunoni utadhani anakwenda harusini. "Maali anakuja kwangu," alisema. Maali ndivyo waitwavyo mawaziri Oman, hata wakishaacha kazi. "Hakwenda kwa shekhe fulani wala kwa tajiri fulani. Kwangu mie."

"Anakuja kula, Mubarak," alisema Bi Nunu. "Usije ukamwimbia wimbo wa taifa."

Mzee Mubarak alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, na alifika Oman akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kusomesha Kiingereza Nizwa. Juma lake la kwanza alialikwa kahawa kwa jirani. Hakujua kwamba aliyetosheka huitikisa finjani kidogo anapoirudisha. Akawa anairudisha hivi hivi, nao wanamjazia, anaona haya kukataa, anakunywa, wanamjazia tena, mpaka moyo ukamwenda mbio na mikono ikamtetemeka. Wenyeji walicheka hadi machozi. "Mzinjibari," walisema, yaani mtu wa Zanzibar. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hakuna ada ya nchi hii itakayompita. Alijifunza nani anayetangulia kumiminiwa, nani anayeanza kunyoosha mkono kwenye halua, maneno ya kumpokea mgeni na ya kumuaga. Alipokuja kuhamia Sur, alizijua ada kuliko vijana wa huko waliozaliwa nazo, na hapana aliyepata kumwambia ahsante kwa hilo.

Chuang alikuja na Tamim, meneja kijana wa kampuni, ambaye bibi yake alikuwa mtu wa Pemba. Nywele za Chuang zilikuwa zimeota mvi, na suti yake ilikuwa ya gharama, lakini mlangoni alivua viatu bila ya kuambiwa, akainama.

"Shikamoo, Mama Nunu."

"Marahaba, mwanangu! Umekonda, wewe. Uwaziri haulishi?"

Akacheka. Akala pilipili mpaka jasho likamtoka, Bi Nunu akaridhika. Tamim naye alisema, "Wallahi bibi, chakula hii tamu sana," na Bi Nunu akamwambia amsalimie bibi yake na amwulize kwa nini hakumfundisha mjukuu wake kusema. Kwa muda mfupi Ghalia alidhani huenda amemdhulumu mtu huyu moyoni mwake. Huenda kikaoni angesimama aseme yale yale aliyomfundisha.

Baada ya chakula ikaja halua, kisha kahawa. Tamim, kwa kuwa ndiye mdogo, alishika dele la kahawa akamimina. Chuang akapokea finjani kwa mkono wa kulia. Hakunywa. Akaiweka chini kwenye mkeka, mbele yake, akatulia.

Ada ile Ghalia aliijua. Mgeni mwenye haja nzito haonji kahawa ya mwenyeji wake mpaka aahidiwe kwamba itatimizwa. Chuang naye aliijua, kwa sababu Mzee Mubarak mwenyewe alimsimulia zamani, ndani ya ukumbi huu huu, naye akauliza maswali mengi kuihusu kama alivyokuwa akiuliza kuhusu kila kitu.

Mzee Mubarak aliitazama finjani. Uso wake uling'aa namna ambayo Ghalia hakupata kuiona. Miaka yote aliyoishi Oman alizika watu, alioza watu, alisuluhisha watu, lakini hapana mtu aliyewahi kuweka finjani chini mbele yake. Haja hupelekwa kwa watu wenye asili na mahali. Yeye alikuwa Mzinjibari.

"Baba," alisema Ghalia kwa Kiswahili, upesi, "muulize kwanza anataka nini."

Mzee hakumsikia, au hakutaka kumsikia. Alijinyoosha, akasema kwa Kiarabu kilichonyooka, kisha akarudia kwa Kiingereza ili pasiwe na shaka: "Kunywa kahawa yako, Maali. Haja yako imetimia."

Chuang akanywa. Akaifuta midomo, akasema haja yake kwa Kiingereza, kwa upole mkubwa. Alikuwa anaomba Dokta Ghalia asizungumze kwenye kikao. Watafiti wawili wa mradi mmoja wakipingana hadharani, wanakamati watachanganyikiwa na elimu yenyewe itadharauliwa. Mradi utajengwa kwa vyovyote. Bora ujengwe na watu wanaojua. Kampuni itafungua kituo cha uchunguzi, na mkuu wake atakuwa Ghalia.

"Kasema nini?" aliuliza Bi Nunu.

Mzee Mubarak alimfasiria. "Kasema Ghalia anyamaze."

"Na wewe umesemaje?"

Mzee aliisogeza sahani ya halua mbele ya mgeni.

Ghalia alimtazama Chuang. "Taa zina madhara au hazina?" alimwuliza kwa Kiingereza.

"Jambo hili ni kubwa kuliko taa, Ghalia."

"Nimeuliza taa."

"Tutaweka taa za rangi ya manjano. Kasa watazoea."

Wageni walipoondoka, Ghalia aliziondosha finjani, akazirudisha jikoni, akarudi.

"Baba, umetoa kitu kisichokuwa chako."

"Nimetoa neno langu."

"Umetoa langu. Neno lako lingekuwa mbuzi, au shamba, au hata nyumba hii. Yule hakukuomba kitu chako hata kimoja."

"Mgeni kaweka finjani, mwanangu. Ulitaka nimwache vile? Watu wangesema nini?"

"Watu gani? Alikuwa Tamim peke yake, na Tamim hajui hata chakula ni hiki au hii."

"Tamim ana ulimi." Mzee alikivua kilemba akakiweka kwenye paja. "Wewe umezaliwa hapa. Hujui mie nimekaaje katika mji huu. Mtu mmoja kaniheshimu, maisha yangu yote, mtu mmoja, nawe unataka nimtemee mate."

"Hakukuheshimu. Kakupima. Alijua utasema nini kabla hujafungua mdomo, na yeye ndiye aliyenifundisha hizo taa zinaua."

"Labda kajua jambo jipya. Waziri huyo."

"Basi na alilete!"

Bi Nunu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha jikoni. "Mimi nilimlisha yule misimu mitano," alisema. "Leo kala pilipili yangu, kisha kamziba mwanangu mdomo. Bora angekataa chakula."

Asubuhi ya kikao, baada ya sala ya alfajiri, Ghalia aliendesha gari mpaka Ras al Hadd. Mwanzo wa ufukwe kulikuwa na hoteli ndogo iliyokwisha kujengwa, na mbele yake safu fupi ya taa za manjano, zile zile alizozisifu Chuang. Jua lilikuwa linachomoza, na mchanga bado haujakanyagwa na watu. Palipokuwa mbali na hoteli, alama za vitoto vya kasa zilitoka kwenye viota zikateremka moja kwa moja mpaka majini. Mbele ya hoteli zilianza vile vile, zikapinda, zikapanda juu, zikavuka ukingo wa mawe na kuishia kwenye lami ya maegesho. Vitoto vingine vilikuwa vimepondwa na magurudumu. Vingine vilikuwa vimekauka tu, migongo juu, vinaielekea nguzo ya taa. Kimoja kilikuwa bado kinajikokota. Alikipeleka majini, ingawa alijua kwamba hesabu haibadiliki kwa kimoja. Akapiga picha, akahakikisha kila picha inaonyesha kiota, alama na taa kwa pamoja, akaenda kikaoni na mchanga viatuni.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Shekhe Marhoun, jirani yake Mzee Mubarak, mzee wa ukoo wa manahodha wa Sur, mtu wa maneno machache. Chuang alizungumza kwa Kiingereza na mkalimani akafasiri. Alizungumza vizuri. Aliwakumbusha kwamba yeye ni mtoto wa kisiwa, kwamba aliwahi kupigania kasa mpaka akaitwa adui wa maendeleo, na kwamba uwaziri ulimfundisha kuwa mtu maskini hawezi kumlinda kasa. Vichwa vikatikisika kukubali. Mzee Mubarak alikuwa amekaa safu ya pili, kanzu ile ile, macho kwenye ncha ya bakora yake.

Ghalia akanyoosha mkono.

Tamim alimtangulia kusimama. "Shekhe, samahani. Mzee Mubarak ametoa neno mbele ya mgeni kwamba binti yake hatozungumza."

Shekhe Marhoun akageuka. "Ni kweli, ya Mubarak?"

"Ni kweli."

"Aliweka finjani?"

"Aliweka."

"Nawe uliweka sharti?"

"Sharti gani?"

Mtu mmoja nyuma alikohoa, wengine wakacheka kicheko kifupi. Shekhe Marhoun hakucheka. "Sisi husema: haja yako imetimia, ikiwa imo mkononi mwangu na haina dhara kwa mtu. Baba zetu hawakuwa wajinga."

Shingo ya Mzee Mubarak iliiva kwa aibu. Ghalia akaliona hilo, na hasira yake ikapata mlango mwingine: ikawaendea na wale waliocheka, waliokaa na mtu huyu nusu karne bila ya mmoja wao kumwambia kwamba ada ile ina kipande cha pili.

"Kama unataka neno lako lisimame," alisema Shekhe, "sema, litasimama. Hatutamsikiliza."

Ghalia hakumngoja baba yake ajibu. Alijua angejibu nini, na hakutaka alitamke mbele ya watu wale. Akasimama.

"Baba, nisamehe. Shekhe, kamati ndiyo iliyoniita, nami sikumwahidi mtu kitu. Nina swali moja kwa mgeni." Akamgeukia Chuang. "Umesema kasa huzoea taa. Nitajie ufukwe mmoja, popote duniani, ambako vitoto vya kasa vimezoea."

Mkalimani akafasiri. Chuang akatabasamu. "Dokta Ghalia alikuwa mwanafunzi wangu bora. Alikuwa na swali kila siku."

"Ufukwe mmoja."

"Tafiti zinaendelea."

"Wapi?"

"Ghalia, mambo ya utawala..."

"Mimi si mtawala. Uliniambia nisiandike kitu nisichokiona. Hiki nimekiona leo." Akazipitisha picha mezani. "Taa hizi ni za manjano. Hivi ni viota, hizi ni alama, na hapa ndipo zinapoishia. Kama mgeni anaona kitu kingine kwenye picha hizi, na akisome."

Chuang alizitazama picha muda mrefu kuliko alivyotazama kitu chochote tangu aje. Alijua kuzisoma kuliko mtu yeyote ukumbini. Akazisogeza kwa aliyekaa pembeni yake, akasema, "Ni za ufukwe mmoja, asubuhi moja."

"Za asubuhi nyingine zimo kwenye ripoti zangu. Nilikutumia zote. Alinijibu katibu wako."

Shekhe Marhoun alivaa miwani, akazitazama picha moja baada ya moja, akamwonyesha aliyekaa kushoto kwake. Wakanong'ona. Kisha akatangaza kwamba njia ya taa haitajengwa mpaka kampuni ilete utafiti wenye jina la ufukwe na majina ya waliouona, na kwamba vibanda vitajadiliwa siku nyingine. Tamim akaanza kukusanya karatasi zake.

Huko nje ya ukumbi, Ghalia alimkuta baba yake amekwisha kumfuata Chuang. Alikuwa amesimama mbele yake, bakora kwapani, mikono miwili imeshika mkono wa mgeni.

"Maali, nimekuvunjia neno ndani ya nchi yangu," alikuwa akisema kwa Kiingereza chake cha skuli za zamani za Unguja. "Sina la kusema. Niambie fidia yako."

Chuang alimpigapiga begani, kwa mapenzi ya kweli. "Mzee Mubarak, usijisumbue. Sijakasirika hata kidogo. Nilijua huenda atazungumza. Nilikuwa najaribu tu. Katika siasa mtu hujaribu kila mlango."

Mzee Mubarak hakuuachia mkono wake mara moja. "Ulikuwa unajaribu."

"Ndiyo. Nawe ulikuwa mkarimu sana. Njoo, twende tukale chakula, kampuni imetayarisha."

Mzee akauachia mkono. Alimtazama Chuang kuanzia viatu mpaka mvi, taratibu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Hakumuaga kwa lolote kati ya yale maneno mengi ya kuaga aliyojifunza. Akamgeukia Ghalia.

"Gari lako liko wapi?"

Walishika njia ya kurudi nyumbani. Mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza peke yake, "Mie sikulala. Tangu siku ile. Nalala chini naamka, nalala chini naamka, namuhofia yeye na heshima yake. Kumbe mwenzangu alikuwa anajaribu!"

"Twende nyumbani, baba. Mama anangoja."

"Nipeleke huko kwenye picha."

Jua lilikuwa kali walipofika. Upepo ulikuwa umefuta alama nyingi, lakini zile za kwenye mawe zilibaki, na vitoto kwenye lami vilikuwa pale pale, vimejikunja kingo kama majani makavu. Mzee Mubarak alishuka, magoti yakimlalamikia, akatembea baina yao, akiinua pindo la kanzu yake. Akasimama chini ya nguzo ya taa. Akaitazama nguzo, akavitazama vitoto vilivyoielekea, akaitazama bahari, ambayo haikuwa mbali hata kidogo.

"Haya ndiyo niliyotaka uyanyamazie?"

"Hukujua, baba."

"Wewe ulijua. Uliniambia nimuulize kwanza." Akashika bakora yake vizuri, akaielekea hoteli.

Kijana wa mapokezi alisimama kumpokea, akamkaribisha kwa Kiarabu, akaashiria dele na tende zilizokuwa juu ya meza. Mzee Mubarak aliinua kiganja kumkatalia.

"Sikuja kunywa. Taa za nje ni za nani?"

"Za hoteli, ammi. Kuna tatizo?"

"Nataka zisiwashwe leo usiku."

Kijana akatabasamu kwa adabu. Lafudhi ile aliitambua, kama watu wote wa Sur walivyoitambua daima. "Ammi ni mtu wa Zanzibar?"

"Naam. Mie Mubarak, Mzinjibari, jirani yake Marhoun. Nimeshaaibika leo mara moja mbele ya mji mzima, kwa hiyo usidhani utanitia haya." Akavuta kiti, akakaa katikati ya ukumbi, bakora baina ya magoti. "Muite meneja wako. Mwambie nakaa hapa mpaka nione swichi ya taa hizo imezimwa."

Kijana alimtazama Ghalia, akitumaini msaada. Ghalia alitoa simu akampigia mama yake kumwambia kwamba chakula cha mchana kitachelewa.